Kabla ya Kodi

Fomu yenyewe ilikuwa ukurasa mmoja. Jina, nambari ya mfanyakazi, PIN ya KRA, kisha sentensi moja yenye pengo katikati: Naomba nikatwe shilingi ……… kila mwezi kabla ya kodi, kama mchango wa ziada wa pensheni. Dada wa HR aliitaka mezani kwake kufikia tarehe 5 Julai. Niliikunja mara mbili, nikaitia kwenye mkoba, nikaenda nayo Gachoka.

Sikuwa naenda kutafuta ushauri wa pensheni. Nilikuwa naenda kusaidia kupura ndengu. Unashukia Embu mjini, unapanda matatu ya Kiritiri, na ndani ya muda mfupi dunia inabadilika. Kahawa inaisha, baridi inaisha, udongo unakuwa mwekundu na mkavu, miembe na migunga inachukua nafasi. Watu wa juu hupenda kusema kwamba huku chini kwa Wambeere hakuna mvua. Mvua iko. Ni vile tu haifuati kalenda ya mtu.

Niseme mapema ninachokitaka, ndipo hesabu zinazofuata ziwe na maana. Nina miaka 32 na nataka kuacha kazi ya ofisi nikifika 45. Nikisema hivyo mbele ya marafiki zangu wa Nairobi, wananicheka. Mmoja aliniuliza kama nimepata mzungu. Lakini sina ndoto ya ufuo wala ya kuzunguka dunia. Nataka kurudi nyumbani nikiwa bado na magoti.

Sababu ni Baba. Alifanya kazi Thika miaka zaidi ya ishirini, kiwandani, akirudi nyumbani mara moja kwa mwezi. Alistaafu mwaka 2018 akiwa na miaka 60. Mwaka huohuo mimi nilipata kazi yangu ya kwanza. Tulipishana: yeye anarudi na godoro na redio, mimi natoka na begi. Mwaka 2022 akapata kiharusi. Ukihesabu, maisha yote ya kazi yalimnunulia miaka minne ya kutembea shambani kwake akiwa mzima. Tangu hapo, neno kustaafu nililisikia tofauti.

Nilianza kusoma, na nikakuta wenzangu wengi duniani wana wazimu huuhuu. Huko Marekani kuna watu wanaoacha kazi na miaka 38, na wanaweza kubishana wiki nzima juu ya jambo moja: uweke akiba ya uzeeni kabla ya kodi au baada ya kodi? Ukiweka kabla ya kodi, unalipa utakapoitoa uzeeni. Ukiweka baada ya kodi, kwenye akaunti wanayoiita Roth, kwa jina la seneta William Roth, umelipa sasa na uzeeni hudaiwi kitu. Akaunti hiyo ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1997. Mwaka huohuo Bunge letu lilipitisha Sheria ya Mafao ya Kustaafu, iliyozaa mamlaka ya kusimamia mifuko ya pensheni Kenya.

Lakini ubishi wao hauwezi kubebwa ulivyo na kuwekwa hapa. Huku kwetu mambo yamekaa hivi.

Mshahara wangu ni shilingi 120,000 kabla ya makato. Kila shilingi ya mwisho ninayopata inakatwa PAYE ya asilimia 30. Nikiweka pesa kwenye mfuko wa pensheni uliosajiliwa, inaingia kabla KRA haijaigusa. Kwa miaka mingi mwisho wa msamaha huo ulikuwa 20,000 kwa mwezi. Sheria iliyoanza kutumika tarehe 27 Desemba 2024 iliupandisha hadi 30,000. Ndani ya hiyo 30,000 unahesabiwa mchango wako wa NSSF, ambao kwa mshahara wangu mwaka 2025 ulikuwa 4,320, na ule wa mpango wa kazini, ambao kwangu ni asilimia tano, yaani 6,000. Kwa hiyo nilikuwa nimebakiwa na nafasi ya 19,680.

Nikiijaza nafasi hiyo yote, mshahara unaofika benki haupungui kwa 19,680. Unapungua kwa 13,776, kwa sababu zile 5,904 zingeenda kwa KRA. Kwa mwaka hiyo ni shilingi 70,848 ambazo serikali inaniachia kwa kukubali tu kutozigusa.

Sheria hiyohiyo ilifanya jambo jingine ambalo watu wengi hawakulisikia. Zamani mafao ukiyapokea yalikuwa na kiwango kisichotozwa kodi, na kilichozidi kilitozwa. Sasa, ukifikisha umri wa kustaafu uliowekwa na mfuko wako, hulipi kodi. Ukiitoa kwa sababu ya ugonjwa, hulipi. Na ukiwa umekaa miaka 20 tangu usajiliwe kwenye mfuko, hulipi. Mimi nilisajiliwa mwaka 2018 nikiwa na miaka 25. Jumlisha 20. Ni mwaka 2038, na mimi nina miaka 45. Nilipoiona hesabu hiyo mara ya kwanza nilicheka peke yangu ofisini kama mwehu. Ni kama mtu alikaa akaiandika kwa ajili yangu.

Basi tatizo liko wapi? Kodi hailipwi kuingia, kodi hailipwi kutoka. Mmarekani angelia kwa furaha.

Tatizo ni kufuli. Ukiwa bado kazini, pesa ile huwezi kuigusa. Ukiacha kazi mapema, kanuni za mpango wetu zinakuruhusu kuomba michango yako na nusu ya ile ya mwajiri. Nusu iliyobaki inakungoja ufike 50. Ukitoka kabla ya hiyo miaka 20 na kabla ya umri, KRA inachukua chake. Na ule ugonjwa unaotajwa na sheria ni ugonjwa wako mwenyewe, si wa babako.

Njia ya pili ni akiba ya wazi, pesa iliyokwisha kukatwa PAYE. Kuna sacco, kuna MMF ambayo faida yake hukatwa asilimia 15, kuna bondi za serikali za miundombinu ambazo riba yake haikatwi kitu. Ukizihitaji, zinapatikana, nyingine kwa siku mbili tatu tu. Kila mwezi, nikijibana, nabakiwa na shilingi elfu kumi na nne hivi. Kwa hiyo pengo kwenye fomu lilikuwa linaniuliza hivi: unataka elfu kumi na nne iliyo wazi, au karibu elfu ishirini iliyofungwa?

Mtu anayejua hesabu atasema swali hilo halina ugumu. Mimi pia najua hesabu. Lakini nilikuwepo usiku ule wa 2022.

Mama alipiga simu saa nne usiku. Baba alikuwa ameanguka mlangoni, mdomo umeenda upande. Jirani mwenye probox aliwapeleka hospitali ya binafsi, na huko wakaambiwa waweke pesa kwanza. Nilikuwa Nairobi, nimekaa sakafuni na simu mbili. Kwenye mfuko wa pensheni nilikuwa na laki tatu na kitu, nilikuwa naiona kabisa kwenye taarifa ya mwaka, jina langu juu, nambari yangu chini. Ilikuwa kama kumwona mtu unayemjua upande wa pili wa mto uliofurika. Niliomba mikopo ya simu mitatu. Asubuhi nikaenda sacco, ambako nilikuwa na akiba ya 90,000 tu, na kwa hiyo 90,000 wakanipa mkopo wa 270,000 baada ya siku nne. Nyumbani waliuza mbuzi kumi na mmoja kwa bei ya mtu aliye na haraka.

Baba aliishi. Daktari alisema mkono wa kulia ungeweza kurudi kwa kiasi kama angefanya fiziotherapia mara tatu kwa wiki kwa mwaka mzima. Alifanya miezi mitatu. Nauli, ada, na mikopo yangu ilikuwa inanikata mwisho wa mwezi. Mwezi wa nne Mama alisema wapumzike kidogo, na sisi sote tulielewa maana ya kidogo.

Baada ya hapo niliapa: sifungi tena pesa. Nikafungua MMF na kwa miezi kumi na minane nikaweka kila shilingi huko, baada ya kodi, wazi, ya kwangu. Ilifika laki moja na themanini. Nakumbuka nambari hiyo kwa sababu haikuipita. Binamu alikosa karo ya muhula. Paa la nyanya likang'oka. Matanga matatu, na kila matanga yana grupu yake ya WhatsApp, na kila grupu ina mweka hazina anayeandika majina ya waliotoa, kwa hiyo hata ambaye hakutoa anasomeka. Mdogo wangu akataka kianzio cha bodaboda. Hakuna hata mmoja aliyeomba upuuzi. Ningekuwa wao ningeomba pia. Lakini mwishoni mwa 2024 nilifungua ile programu kwenye simu, nikakuta shilingi 11,400.

Hapo ndipo nilipoona kwamba muda wote nilikuwa nahesabu kodi moja. Iko nyingine. Haina mabano kama ya KRA, haina siku ya mwisho, haimo kwenye karatasi ya mshahara, na mtoto wa kwanza wa nyumba yoyote anajua kiwango chake bila kuambiwa. Sisi vijana wa Nairobi tunapenda kuilalamikia kama vile ni wizi. Mimi sisemi ni wizi, maana nimesomeshwa nayo. Shangazi yangu aliuza mahindi nikaenda chuo. Lakini ni kodi, na akiba ya wazi inatozwa, na ile iliyofungwa haitozwi. Tofauti yake ni kubwa kuliko asilimia 30.

Kuna jambo dogo pia kuhusu maneno. Ukiwa na pesa kwenye MMF na ndugu yako akaomba, ukisema "sina" unadanganya, na sauti yako inajua. Ukisema "imefungwa" unasema kweli. Kwa miaka saba hakuna aliyewahi kunilaumu kwa pesa ya pensheni. Walikasirikia sheria kidogo, kisha wakaendelea na maisha.

Kwa hiyo niliingia Gachoka nikiwa nimeshawishiwa na pande zote mbili.

Siku ya pili tulikuwa tumekaa chini ya mwembe, mimi na Mama tukipeta ndengu, Baba kwenye kiti chake akichambua mawe kwa mkono wa kushoto. Fomu nilikuwa nimeitoa na kuiweka chini ya sahani isipeperuke. Baba aliiuliza. Nikamweleza polepole, kwa Kimbeere, na kila nilipokosa neno nikaingiza Kiswahili.

Baba anajua pensheni yake. Alichangia NSSF zamani ile ya shilingi 200 kwa mwezi, na mwajiri 200. Hiyo ni 4,800 kwa mwaka. Alipostaafu alipewa pesa iliyonunua tangi la maji na miche ya muguka ya nusu ekari, ikaisha. Tangu siku hiyo huonyesha ile muguka na kusema, "Pensheni yangu ni hii. Naichuma mwenyewe, hakuna fomu." Na kweli imewaweka. Lakini Mei 2024, kaunti za Pwani zilipotangaza kuipiga marufuku muguka, mnunuzi wake hakuonekana hadi Mahakama Kuu ya Embu iliposimamisha marufuku hiyo. Hazikuwa siku nyingi. Zilitosha kumfanya mzee akae barabarani kila asubuhi akitazama upande ambao pikapu hutokea.

"Hiyo ya kufungwa," alisema, "hakuna mtu wa Pwani anaweza kuizuia?"

"Mtu wa Pwani hawezi. Bunge linaweza kubadilisha sheria. Lakini mfuko uko kwa wadhamini, mwajiri hawezi kuula."

Akatikisa kichwa. Mama alikuwa kimya muda wote, ungo ukipanda na kushuka. Kisha akauliza bila kuniangalia, "Na ile siku ya baba yako, ungekuwa na ufunguo, ungetoa ngapi?"

"Yote, Mama."

"Yote."

"Ndiyo."

"Na sasa ungekuwa na nini?"

Sikujibu. Nilikuwa naangalia mkono wa kulia wa Baba, uliolala kwenye paja kama kitu alichopewa akishike. Nilisema jambo ambalo sikuwa nimelisema kwa miaka mitatu. Nilisema kwamba laki tatu ilikuwa imekaa pale, na angefanya fiziotherapia mwaka mzima kama daktari alivyosema, na huenda leo angekuwa anashika kikombe.

Baba alichukua muda. Akatoa jiwe kwenye ndengu, akalitupa.

"Mkono huu haukuwa wa pesa," alisema.

Sijui kama ni kweli. Hata daktari hangeweza kuniambia. Huenda alilisema kwa sababu ni kweli na huenda alilisema kwa sababu mimi ni mtoto wake. Nimeligeuza kila upande na bado sijui. Ninachojua ni kwamba sitaki kukaa tena sakafuni na simu mbili, na pia sitaki kufika 45 nikiwa na shilingi 11,400.

Usiku ule nilifanya hesabu upya, mara hii na kodi zote mbili. Swali halikuwa tena wapi pesa inazaa zaidi. Nilijiuliza: usiku mbaya unagharimu ngapi nyumbani kwetu? Nilijumlisha amana ya hospitali, mwaka mmoja wa fiziotherapia, na nauli. Kwa akiba ya laki moja na nusu kwenye sacco, mkopo wa mara tatu unafikia laki nne na nusu. Hiyo ndiyo inayotakiwa kuwa wazi. Si zaidi. Kitu chochote juu ya hapo, nikikiacha wazi, sikiweki akiba. Nakiweka foleni kingoje mtu wa kukiomba.

Kwa hiyo niligawanya. Kwenye pengo niliandika 10,000, ambayo inanitoa mfukoni 7,000. Hiyo 7,000 nyingine inaenda sacco hadi ifike kiwango nilichokiandika, halafu nitajaza fomu mpya na kufunga yote. Dada wa HR anapokea fomu Januari na Julai. Najua ninapoteza msamaha wa kodi kwa kila shilingi ninayoiacha nje. Elfu tatu kila mwezi inaenda KRA ambayo haikulazimika kwenda. Nimeamua kuilipa kama bei ya usingizi. Na ile miaka mitano kati ya 45 na 50, wakati nusu ya michango ya mwajiri itakuwa bado inaningoja, nitaishi kwa nusu iliyotoka, sacco, na chochote ambacho shamba litakubali kutoa. Nimeshaanza kumuuliza Mama maswali ya ndengu ambayo zamani sikuyauliza.

Asubuhi kabla ya kuondoka niliwaambia. Hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko kuandika nambari. Kwetu pesa haitajwi, inakisiwa. Nilisema: ile ya sacco ni yetu, ni ya usiku mbaya, ya nyumba hii. Ya karo za binamu na paa nitatoa kwenye mshahara nikiweza, na nisipoweza nitasema siwezi. Ile nyingine msiihesabu kabisa. Ichukulieni kama haipo.

Mama alisema sawa, akaendelea kunifungia ndengu kwenye mfuko wa unga. Kilo nne. Nilimwambia ni nyingi, akaniuliza kama Nairobi hawali.

Baba alinisindikiza hadi barabarani, pole pole. Tukasimama kungoja matatu.

"Ulisema mwaka gani?" aliuliza.

"2038."

Alianza kuhesabu, midomo ikicheza. Nilimwacha ahesabu mwenyewe ingawa nilikuwa na jibu tangu siku ile niliyocheka ofisini.

"Nitakuwa na themanini," alisema.

"Ndiyo, Baba."

Matatu ilitokea kwenye kona, ikawasha taa. Akainua mkono wa kushoto kuisimamisha.

"Basi fanya haraka," alisema.